Tisa Mpaka Moja: Yatakayowapandisha Watu wa Njombe na Makambako Baiskeli za Pamoja

 

Leo nina orodha, na inahesabiwa kurudi nyuma. Mwenye haraka asirukie mwisho. Nitamjua kwa maswali atakayouliza.

Habari yenyewe ni baiskeli za pamoja: unaichukua kituo hiki, unaiacha kituo kile, unalipia muda uliokaa nayo, unaondoka zako. Huumizi kichwa itaegeshwa wapi usiku. Paris walizianza Julai 2007, Hangzhou ya China 2008, Marrakech 2016, na jirani zetu wa Kigali Septemba 2021. Sisi bado. Mazungumzo haya yakianza, wengi hukimbilia kubishania chombo: kiwe cha umeme au cha kukanyaga, chekundu au cha kijani. Mimi namtazama mtu. Yule aliyeshuka basi stendi ya Makambako na kifurushi mkononi, au binti anayetoka Ramadhani kwenda katikati ya mji wa Njombe: kitu gani kitamfanya ashike usukani badala ya kuipungia mkono bodaboda? Ninataka jambo hili litokee, tena nilione kwa macho, ndiyo maana nimeyapanga yote tisa kwa uzito wake. Anayeupinga mpangilio anakaribishwa, ila aje kwa baiskeli.

9. Kofia ngumu iwe ombi, isiwe amri

Naanza na hili ili wanaotaka kugombana nami tumalizane mapema. Kofia ngumu inaokoa kichwa, na mwenye nayo aivae. Lakini baiskeli ya pamoja ni safari ya ghafla: umetoka dukani, umeiona, umeipanda. Ukimwambia mtu asiiguse mpaka awe na kofia, umeshamrudisha kwenye bodaboda. Melbourne ilizindua baiskeli zake mwaka 2010 chini ya sheria inayomlazimisha kila mwendeshaji kuvaa kofia, mpango ukadorora mpaka ukafungwa mwaka 2019. Seattle nako kofia ilikuwa lazima, tena mji una milima na mvua. Wakafunga Machi 2017. Mexico City waliwahi kushtuka: mwaka 2010, mwaka ule ule walipozindua baiskeli zao za Ecobici, waliiondoa amri ya kofia.

Nani anatoka nyumbani Mjimwema kwenda kununua dagaa akiwa na kofia ngumu kwapani? Ya sufu anayo, na hiyo haivui hata akiingia jikoni.

8. Baridi tuache kuisingizia

Ukitaja baiskeli Njombe, jibu la kwanza ni lile lile: "Na baridi hii?" Ndugu yangu, hakuna anayekukatalia. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Ila hebu tazama barabarani saa moja asubuhi. Aliyepakiwa nyuma ya bodaboda amejikunyata, machozi yanamtoka, vidole havina habari. Anayekanyaga pedali amefungua zipu ya koti. Kati ya wote wanaokwenda kazini asubuhi ile, yeye peke yake ndiye aliyepata joto bila kununua mkaa.

Adui wa kweli ni mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na lile tope jekundu linalorushwa na tairi la nyuma likapanda mgongoni mpaka kwenye kola. Hilo lina dawa, na dawa ni ya bati: madigadi marefu yanayokaribia kugusa ardhi, na kifuniko cha cheni kilichozunguka kote. Mwalimu aingie darasani na suruali ya rangi aliyotoka nayo nyumbani. Wanafunzi wana mengine ya kucheka.

7. Nyota, reli, kufuli limefunguka

Miji mikubwa hufungua baiskeli kwa simu janja: kamera inasoma msimbo, kufuli linaachia. Vizuri sana. Lakini hapa kwetu nusu ya wateja niwatakao wanatembea na kiswaswadu chenye betri ya siku tano, na hawana mpango wa kukiacha. Habari njema ni kwamba hawahitaji kukiacha. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, wengine wakafuata, na leo mama anayeuza nyanya soko la Makambako anatuma na kupokea fedha kwa nyota na reli akiwa anahesabu fungu kwa mkono wa pili. Mfumo wa baiskeli upite njia hiyo hiyo: unabonyeza namba ya baiskeli, unakatwa, unapokea tarakimu nne za kufungulia kufuli. Asiyeweza hilo ni yule aliyesahau namba ya siri, na huyo hata luku yake ananunuliwa na mtoto.

Jambo la kukwepa hapa ni dhamana ya fedha taslimu. China, kampuni ya baiskeli za pamoja ya ofo ilichukua dhamana ya yuan 99, baadaye 199, kwa kila mteja. Ilipoyumba mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu milioni 10 walijiandikisha kudai fedha zao. Sisi tayari tuna dhamana isiyofilisika: barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anayekumbuka nani hajatoa mchango wa darasa atakumbuka vilevile baiskeli imelala uani kwa nani.

6. Bei, na ndugu zetu wa bodaboda

Hangzhou saa ya kwanza ni bure. Paris walianza na nusu saa ya bure kwa mwenye uanachama. Hawakufanya hivyo kwa ukarimu tu. Walipiga hesabu wakaona safari za mjini ni fupi, na mtu wa dakika kumi hataki kumlipia mtu wa saa nzima. Kwa hiyo bei yetu ikatwe vipande vidogo, robo saa kwa robo saa, na wanaotumia kila siku wapewe tiketi ya wiki. Ikikaribia nauli ya bodaboda tumeumia, maana hakuna atakayelipa kiasi kile kile halafu akanyage mwenyewe.

Mtaniuliza: na vijana wa bodaboda je, si watatuchomea vituo? Ngoja nikukumbushe ukoo wao. Bodaboda ilizaliwa miaka ya 1960 mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na ilizaliwa ikiwa baiskeli: vijana walipakia watu na mizigo kwenye karia kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine. Pikipiki ilikuja baadaye sana ikarithi jina. Shinyanga mpaka kizazi hiki baiskeli za abiria zinaitwa daladala. Kwa hiyo kijana wa kijiwe akiiona baiskeli ya pamoja ajue hiyo ni shangazi yake, aiamkie.

Na namaanisha kabisa: kijiwe kiwe sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza. Kina watu kutoka alfajiri hadi usiku, kinamjua kila mwizi kwa jina la ubatizo, na kina macho barabarani. Kikilipwa kamisheni ndogo kwa kuzilinda baiskeli za kituo kilichoko pale pale, hatuhitaji kamera. Safari ya kwenda Uwemba na gunia ni yao. Safari ya kutoka benki hadi sokoni ni ya pedali. Wote wanakula.

5. Mama apande bila kunyanyua gauni

Katika miji mingi yenye baiskeli za pamoja, wanaume kwenye tandiko ni wengi kuliko wanawake. Wataalamu wanataja hofu ya barabara, na nitaifikia. Lakini kuna kosa linalotendwa kabla hata ya barabara, linatendwa kiwandani. Baiskeli tuliyoizoea, Phoenix ya Mchina au Swala iliyotengenezwa hapa nchini enzi zile, ina bomba la juu linalokatiza kutoka tandiko hadi usukani. Bomba hilo lilikuwa na faida zake. Wengi tulifikishwa shule tukiwa tumelikalia upande. Kwa mwanamke mwenye kitenge ni ukuta.

Weka fremu iliyoinama katikati, mguu upite chini. Zungushia wavu tairi la nyuma ili ncha ya kitenge isinaswe na spoku. Mbele kapu la chuma, nyuma karia pana yenye mpira wa kufungia. Sasa umemwandalia mwanamke wa Njombe, ambaye safari yake haiwi moja: kliniki, kisha mashineni, kisha sokoni, kisha kikao cha VICOBA, na anafika kikaoni kabla ya mweka hazina. Mtu wa namna hiyo ndiye mteja wa dhahabu, kwa sababu mwanamume mwenye safari moja anaipanda mara mbili kwa siku, yeye mara tano.

Debe la parachichi linakaa kwenye karia. Ndoo ya viazi inakaa. Lumbesa isisogee, Wakala wa Vipimo wanaikataa, na tairi pia.

4. Malori

Hapa natoa utani pembeni kidogo. Makambako ipo kwa sababu ya njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita katikati, na ile ya Njombe na Songea inachomoka hapo hapo. Mchana na usiku yanapita malori ya Zambia na ya Kongo, matela mawili mawili, na dereva ameendesha tangu Morogoro. Ukimwambia mzazi wa Lyamkena kwamba mwanawe ataivuka barabara ile kwa baiskeli ya pamoja, atakuuliza wewe ni mzazi wa nani. Ana haki.

Mji unaotaka kufanikiwa uanze na njia. Sevilla, kule Hispania, ndani ya mwaka mmoja na ushei, 2006 na 2007, ilijenga kiasi cha kilomita 80 za njia za baiskeli zilizounganishwa na kutengwa na magari, na mwaka 2007 ikaleta baiskeli za pamoja. Safari za baiskeli zilikuwa chini ya asilimia 1 ya safari zote; katika miaka michache zikapita asilimia 5. Zingatia neno hilo, zilizounganishwa. Njia ya baiskeli inayoanza vizuri mbele ya ofisi ya halmashauri na kuishia kwenye mtaro haijamsaidia mtu, imemsindikiza tu mtaroni. Dar es Salaam tulijifunza upande mwingine wa somo: mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, njia za baiskeli zilijengwa kando yake, na waegeshaji wa magari na wauza bidhaa wakazipenda kabla ya wenye baiskeli.

Makambako tuna bahati moja. Asilimia kubwa ya safari fupi hazihitaji kutembea juu ya barabara kuu, zinahitaji kuivuka. Mwembetogwa, Majengo, Kivavi, mitaa ina njia zake za ndani ambazo watoto wanazijua kuliko TARURA. Zisawazishwe, ziwekewe mifereji na taa, ziungane. Halafu mahali pa kuvukia patengenezwe pawili au patatu, pawe na matuta na kisiwa cha kusimama katikati, ili mtu avuke nusu, apumue, amalizie nusu. Hilo TANROADS wanaliweza, na gharama yake haifikii ya kilomita moja ya lami.

Na msimu wa ulanzi, tuelewane: baiskeli ina magurudumu mawili na akili zote anatakiwa aje nazo mpandaji. Aliyetoka kilabuni aende kwa miguu, tena na mwenzake.

3. Mlima wa Njombe, upepo wa Makambako

Sasa tumefika penyewe. Njombe hakuna mtaa ulionyooka zaidi ya wimbo mmoja wa redio. Unateremka ukiwa mfalme, unapanda ukiwa mtumishi. Makambako wao wanajisifu tambarare, na ni kweli mji umelala vizuri. Ila upepo wake ni ule ambao wawekezaji wa umeme walikuja kuupima, wakaandaa mradi mzima wa mitambo ya upepo wa Miombo Hewani. Watu wa Njombe wanasema Makambako hata mteremko unaukanyaga. Watu wa Makambako wanasema Njombe hata kuegesha ni kupanda. Wote mna ukweli, na wote mmezidisha.

Tatizo la mlima kwenye baiskeli za pamoja si miguu tu. Ni kwamba watu wanateremka nazo asubuhi na jioni hawazirudishi juu. Barcelona walianza mwaka 2007 na wakaligundua hilo mapema: vituo vya karibu na bahari vinafurika, vya mlimani vimebaki nguzo tupu, na malori yanahangaika kuzikweza baiskeli tena. Ukileta Njombe baiskeli mia bila kulifikiria hili, kufikia Jumatano zote zitakuwa bondeni Luhuji zinasikiliza maporomoko.

Paris walipata jibu ninalolipenda kuliko yote kwenye orodha hii. Kuanzia 2008, anayeirudisha baiskeli kwenye kituo cha mlimani alizawadiwa dakika 15 za ziada. Halikuhitaji lori wala hotuba. Mtu mwenye miguu alifanya hesabu mwenyewe, akapanda, akajiwekea akiba ya dakika. Nawaza vijana wa sekondari wa Njombe wakisikia kuna dakika za bure juu ya kilima. Hao hao wanaokimbia kilomita kadhaa kwenda shule na sweta likiwa kiunoni! Baiskeli zingepanda zenyewe. Kufikia mwisho wa wiki kuna mtoto ana akiba ya saa tatu na anamkopesha babu yake.

Lakini dakika hazitoshi kwa mtu wa miaka 50 mwenye mafuta ya kula lita tano kwenye kapu. Huyo anahitaji gia, na siyo moja. Gia za ndani ya kitovu cha tairi la nyuma zinafaa kuliko za nje, kwa sababu tope haliziingii. Na kwa vilima vikali, baiskeli chache zenye mota ya kusaidia: Madrid, mji wa vilima, ulipozindua BiciMAD mwaka 2014 ulizileta zote za umeme, na watu wakazipanda. Trondheim ya Norwei walikwenda mbali zaidi. Tangu 1993 wana mashine kwenye mtaa mmoja mkali inayokusukuma mguu kutoka chini hadi juu ukiwa umekaa kwenye tandiko. Siombi hiyo, lakini diwani akiileta sitamzuia.

Kwa upepo wa Makambako hakuna zawadi ya dakika itakayotosha, maana upepo haukai mahali pamoja uwekewe kituo. Ushauri wangu ni mdogo na wa kivitendo: usukani usiwe mrefu wa kukusimamisha wima, kapu la mbele liwe la waya lisilokinga upepo, na mitaa ipandwe miti. Mkoa huu unalisha nchi mbao na nguzo. Tukose miti ya kukinga barabara zetu wenyewe?

2. Kituo kiwe njiani, kisiwe nyumbani kwa mkuu

Vituo huwa vinawekwa mahali panapopendeza kwa kupigia picha: mbele ya ofisi, kwenye bustani, karibu na bango. Mpandaji hayupo hapo. Wapangaji wa miji wanaoshughulikia jambo hili wana kipimo kimoja cha kushika: kati ya kituo na kituo pawe na kama mita 300, umbali ambao mtu yuko tayari kutembea bila kunung'unika. Kipimo cha pili ni kwamba baiskeli moja ipandwe mara nne hadi nane kwa siku. Ikipandwa pungufu ya hapo imegeuka pambo. Ikizidi, watu wanafika kituoni na kukuta patupu.

Waholanzi walifanya jambo la akili. Tangu 2003 wana huduma inayoweka baiskeli kwenye stesheni za treni, ili anayeshuka amalizie safari yake mwenyewe mpaka mlangoni. Makambako iliumbwa kwa mchezo huo. Ina stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ina stendi ya mabasi yanayokwenda Mbeya, Songea, Iringa na Dar. Ina soko linaloamka kabla ya jogoo. Watu wanashuka, wanaulizana "unaelekea wapi kaka?", na wengi wao hawaendi mbali. Kituo cha kwanza kiwe stendi, cha pili stesheni, cha tatu soko, cha nne hospitali. Hivyo vinne vikifanya kazi, vya mitaani vitaombwa na wananchi wenyewe mikutanoni, na kwa kelele.

Njombe kazi ni nyingine kidogo. Stendi, soko, benki na shule zimesambaa juu na chini, kwa hiyo vituo vipangwe kwa jozi: kimoja bondeni, kimoja kileleni, na kati yao ile zawadi ya dakika.

Na tafadhali, kituo kiwe na paa. Mtu akimbilie hapo mvua ikianza, na akiwa anasubiri iishe aizoee sura ya baiskeli.

1. Fundi

Waliorukia huku bila kusoma mengine, nimewaona. Karibuni hata hivyo.

Ukifuatilia historia ya baiskeli za pamoja utaona imejaa makaburi. Amsterdam mwaka 1965, vijana wa kundi la Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha mitaani bila kufuli, kila anayetaka apande. Polisi wakazikamata kwa kosa la kutofungwa. Cambridge mwaka 1993 walitoa baiskeli 300 za kijani, zikapotea karibu zote mara moja. Paris, pamoja na sifa zote nilizowapa, kufikia 2009 walikuwa wamepoteza zaidi ya baiskeli 7,000. Lakini pigo lao kubwa halikuwa la wezi. Mwanzoni mwa 2018 walibadilisha mwendeshaji wa huduma, vituo vikachelewa kuunganishwa, baiskeli zikagoma kufunguka, na maelfu ya wanachama wakajitoa. Mji ulikuwa ule ule, bei nafuu, njia zimejengwa. Watu walifika kituoni asubuhi mara ya kwanza, mara ya pili, wakakuta haifanyi kazi, wakajipangia maisha mengine.

Ndiyo maana nimemweka fundi juu ya mlima na juu ya malori. Mtu atastahimili baridi, atalipa, atapanda kilima, mradi awe na uhakika kwamba akifika kituoni ataikuta baiskeli, ina upepo, na breki inashika. Akiikosa mara mbili harudi tena, na baiskeli yenye pancha iliyokaa kituoni kwa wiki inawafukuza watu kuliko mvua ya Machi.

Uhakika huo hatuuagizi nje. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote mtaani, yule mwenye kibanda cha mabati na fremu tatu zilizoning'inia. Mtazame anavyotafuta pancha. Anaivua tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande kwenye beseni la maji meusi, macho yametulia, mpaka kapovu kembamba kapande. Anaweka kidole hapo na hakitoi. Anafuta, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni, anapuliza, anasubiri, anabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu iliyokufa. Halafu anaizamisha tena, kwenye maji yale yale, ahakikishe. Akikurudishia gurudumu amelizungusha na kugonga spoku moja moja, na kwa sikio tu anajua ipi imelegea.

Mtu huyo ndiye aliyetufundisha wengi kuendesha. Alikuwa na baiskeli mbili za kukodisha, mtoto unampa sarafu yako, unazunguka raundi, unarudi.

"Shikamoo mzee, naomba raundi moja."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa kwa mama fulani, pale kisimani."

"Haya. Breki ya nyuma ndiyo inayoshika. Usiende barabara kuu."

Hapo pana usajili, dhamana, maelezo ya usalama na mpaka wa huduma, vyote kwa pumzi moja. Alikuwa anaendesha baiskeli za pamoja wakati Paris hawajaanza kuziota, na zake hazikupotea.

Kwa hiyo zabuni isiende kwa kampuni yenye picha nzuri na karakana iliyoko bara jingine. Iende kwa mafundi hawa waliojiunga kikundi, na kila kituo kiwe na fundi wake anayelipwa kwa baiskeli nzima iliyoamka kituoni asubuhi, siyo kwa pancha aliyoziba. Ukimlipa kwa pancha utapata pancha nyingi. Fremu zichaguliwe kwa kufuata vipuri vinavyouzwa hapa: tairi, tyubu, spoku na pedali ambazo duka la Njombe linazo leo mchana, bila kusubiri kontena.

Fedha za kuanzia zina mlango unaojulikana. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi kinakopesheka. Kikundi cha akina mama wanaosimamia vituo kinakopesheka. Fundi mwenye ulemavu wa miguu aliyekaa miaka yote kwenye kibanda chake akizungusha magurudumu ya wengine anakopesheka, na yeye awe msimamizi wa karakana.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hupita kwa madiwani miezi kadhaa kabla. Mkazi wa Lyamkena, mkazi wa Ramadhani, mkutano wa mtaa ujao simama uombe vituo vinne na mafundi wanne. Mwenyekiti akiuliza nani ataziendesha baiskeli zenyewe, nyoosha mkono wako kwanza.